Kijiji cha Gwarama na Nchi Inayokizunguka

Jioni hii twataka kuwachukueni safari ya mbali, ijapokuwa hamtainuka vitini mwenu. Wengi wenu mmekwisha kusikia habari za Kigoma, maana reli ya kati ilifika huko mwezi wa Februari, 1914, na tangu siku hizo jina lake limeandikwa katika tikiti za gari la moshi. Habari za Ujiji nazo mmezisikia, kwa ajili ya wale wazungu wawili, Livingstone na Stanley, waliokutana huko mwaka 1871. Lakini nyuma ya miji hiyo miwili, upande wa kaskazini, nchi hupanda, na kupanda tena, hata msafiri hujiona yu katika baridi akatafuta koti lake. Huko juu ndiko Buha, nchi ya Waha. Na katika pembe yake ya kaskazini, iliyoitwa Buyungu tangu zamani, kimo kijiji cha Gwarama. Hicho ndicho tulichokwenda kukitazama.

Zamani Gwarama ilihesabiwa katika wilaya ya Kibondo. Tangu mwaka 2012 imo katika wilaya mpya ya Kakonko, nayo ni kata yenye jina lake. Si mahali pa fahari. Hapana jumba la kale, wala mnara, wala kaburi la mtu mashuhuri ambalo wageni hulipia kiingilio. Mwenzetu mmoja tuliyemwambia kwamba twaenda huko alituuliza, “Kuna nini?” Tukakosa jibu. Sasa tunalo, nalo ni refu kidogo.

Kwanza, njia. Atokaye Kigoma hupanda mpaka Kasulu, mji uliomo katika nchi ya Heru. Heru ulikuwa mmoja wa falme za Waha, pamoja na Muhambwe, ambako leo ndiko Kibondo, na Buyungu, na nyinginezo. Kila ufalme ulikuwa na mwami wake, na chini ya mwami watware walioshika sehemu za nchi. Huko Heru, katika miaka ya 1940, alitawazwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Nguvu za machifu zilikomeshwa kwa sheria mwaka 1963. Walakini ukiuliza mzee wa Buyungu kwao ni wapi, aghalabu hatakutajia wilaya kwanza; atakutajia nchi ya mwami wake.

Kati ya Kasulu na Kibondo msafiri huvuka mto Malagarasi, na hapo hatuna budi kusimama kidogo, maana mto huu una tabia ya ajabu. Huanzia katika vilima vya mpakani mwa Burundi, mahali pasipo mbali na Ziwa Tanganyika. Mtu angedhani ya kuwa maji yatashuka moja kwa moja ziwani. La! Mto hulipa ziwa kisogo, hushika njia ya kaskazini na mashariki, hufuata mpaka kwa kitambo, kisha huzunguka kuelekea kusini na kuingia katika mabwawa makubwa. Halafu ndipo hugeuka magharibi, hupita Uvinza penye chemchemi za chumvi, na mwisho humwaga maji yake katika ziwa lile lile ulilolikimbia. Safari yake yote yapata kilomita 475. Wenye elimu ya ardhi wasema ya kuwa mto ni mkongwe kuliko ziwa: kabla ya bonde kubwa kupasuka, maji ya Malagarasi yalikwenda magharibi mpaka Kongo. Na ushahidi wao ni samaki. Wamo samaki katika Malagarasi ambao ndugu zao wako katika mto Kongo, na katika maji ya ziwa lililo kati hawamo.

Hiyo chumvi ya Uvinza nayo ilikuwa mali. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata dalili ya kuwa ilipikwa huko zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, nayo ilichukuliwa vichwani mpaka nchi za mbali. Waha walijua thamani ya njia. Stanley alipopita kusini mwa nchi yao mwaka 1871, alitozwa hongo, akatoa marobota ya nguo; alipodhani amemaliza, akaambiwa wako watawala wengine mbele, nao wanangoja haki yao. Mwisho alitafuta kiongozi, akaondoka usiku kimya kimya na watu wake wote, akipita porini. Katika kitabu chake amewalaumu sana Waha. Sisi twaona mambo yana pande mbili. Mtu apitaye katika shamba la mwenziwe na wapagazi wenye bunduki hana haki ya kushangaa akiombwa kitu.

Tulifika Kakonko kwa ile barabara kuu iendayo Nyakanazi, ambayo katika miaka ya karibuni imetandikwa lami, kisha tukaiacha, tukashika njia ya udongo mwekundu. Tutawaombeni msituulize habari za njia hiyo wakati wa masika. Sisi tulikwenda mwezi wa Julai, nayo ilitutimulia vumbi tu.

Kijijini tuliingia magharibi, na asubuhi tulipotoka nje hatukuona kitu. Ukungu ulikuwa umejaa mabondeni kama maziwa katika kibuyu, na vilele vya vilima vimetokeza juu yake kimoja kimoja. Hii ni nchi iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na asubuhi ya kiangazi ina baridi ya kumtia mtu wa pwani machozi. Saa tatu ukungu uliinuka, tukaona migomba, tena migomba, mashamba ya mihogo, maharage yaliyoanikwa nyuani, na ng'ambo ya pili ya bonde miti ya miyombo mpaka mwisho wa macho. Zile nyumba za msonge za zamani, ambazo nyasi zake zilishuka mpaka chini, hatukuziona. Siku hizi nyumba ni za matofali, na nyingi zimeezekwa mabati.

Kabla ya yote tulifundishwa kusalimu. Muha hapiti mtu hivi hivi. Asubuhi husema “Mwakeye,” naye ajibuye hurudisha neno hilo hilo, kisha huulizana habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua. Na mwanamke mwenye adabu huinama, hupiga makofi polepole mbele ya mkubwa wake. Sisi tulio na haraka ya mjini tulichoka siku ya kwanza. Siku ya tatu tulikuwa tumeanza kuona aibu kwa salamu zetu za kukatakata. Naye ajuaye Kirundi hatapotea katika maneno hayo, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu sana, na mpaka uliopigwa na wazungu baina ya nchi mbili hizi ulipita katikati ya jamaa.

Chakula tulichopewa kilikuwa ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Mawese hutoka chini, katika nchi ya ziwa, na maharage ni ya huko huko juu. Kwa hiyo katika sahani moja mtu hula mkoa mzima. Jioni tulionyeshwa pombe ya ndizi jinsi itengenezwavyo. Ndizi mbichi hufukiwa katika shimo lililotiwa joto kwa moto, zikakaa siku kadhaa hata zikaiva kwa pamoja. Humenywa, hukandwa kwa majani makavu katika chombo cha mti kama mtumbwi, maji yake hutoka matamu sana, huchujwa, hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa. Siku ya pili au ya tatu ni pombe. Lakini hakuna harusi wala posa wala upatanisho uwezao kufanyika pasipo mtungi wake, na mzee aliyetupokea alisema ya kuwa kesi isiyonywewa haijaisha.

Migomba hiyo isingalikuwako pasipo samadi, na samadi zamani ilikuwa jambo la utawala. Ng'ombe wengi walikuwa mikononi mwa Watusi na watu wa mwami. Mkulima aliyetaka ng'ombe alikwenda kwa mwenye nao na mtungi wa pombe, akaomba. Akikubaliwa alipewa mmoja amtunze. Desturi hiyo iliitwa ubugabire. Mkulima alipata maziwa, alipata samadi ya migomba yake, na baadhi ya ndama. Naye alipaswa kumfanyia bwana wake kazi, kumpelekea pombe, na kuwa mtu wake. Wengine waliiita urafiki na wengine utumwa. Mzee wetu alipoulizwa ni lipi kati ya hayo mawili, alicheka, akasema, “Wanangu, hutegemea ndama.”

Mzee huyu ndiye aliyetuchukua siku ya pili mpaka mgongo wa kilima kilicho nyuma ya kijiji, akasema twende tukaone kwao. Tulidhani atatuonyesha nyumba. Tulipanda yapata saa nzima katika miyombo, tukapita chini ya mizinga ya magogo iliyotundikwa juu ya matawi. Asali ni mali kubwa ya nchi hii. Akasimama mahali ambapo sisi hatukuona kitu ila pori. “Tazameni vizuri,” akasema. Basi tukatazama. Mbele yetu palikuwa na minyaa mirefu kama minara, imeota kwa duara. Minyaa haioti kwa duara yenyewe. Huo ulikuwa ua wa mtu. Ndani ya duara palikuwa na mti mkubwa wa jamii ya mkuyu uliopandwa na mkono wa mtu, na chini yake jiwe la kusagia, limevunjika vipande viwili. Hayo yalikuwa mahame ya baba yake.

Tukamwuliza kwa nini waliondoka. Akasema, “Waliondoka mara mbili.”

Mara ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya malale. Ugonjwa huu huletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, achukuliwaye na mbung'o. Mbung'o akimwuma mtu, kwanza huja homa na kichwa, tezi za shingo huvimba. Miezi hupita, hata mdudu huingia katika ubongo, na hapo mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, akili yake hugeuka, hukonda, na asipotibiwa hufa. Mbung'o hupenda kivuli. Kwa hiyo serikali ya Waingereza, iliyokuwa imeipokea Buha kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1921, ilianza mwaka 1933 kuwakusanya watu waliokuwa wametawanyika vilimani na kuwaweka pamoja katika makazi yaliyofyekwa, ili mbung'o wakose mahali pa kukaa. Maelfu ya watu walihamishwa. Watu walivunja nyumba zao, wakaacha migomba, ambayo ndiyo nyumba hasa ya Muha kwa kuwa hudumu kuliko kuta, wakaacha makaburi ya wazazi, wakaenda kuanza upya.

Je, ilifaa? Yafaa tuseme kweli yote. Mahali palipofyekwa palipungua mbung'o, na watu waliokaa pamoja waliweza kupimwa na kutibiwa. Walakini nchi waliyoiacha haikukaa tupu ikiwangoja. Pori lilirudi, wanyama wakarudi pamoja na pori, na mbung'o wakarudi pamoja na wanyama. Mahali palipokuwa na moshi wa nyumba pakawa nyika. Mgeni wa leo apitaye katika misitu ile mikubwa akaisifu kwamba haikuguswa na mkono wa mtu tangu kuumbwa kwa dunia, afadhali aanguke juu ya jiwe la kusagia.

Na ugumu mwingine ulitokea hapo hapo. Mashamba mapya yalikuwa madogo na kodi ilidaiwa kwa fedha, na nchi haikuwa na zao la kuuza. Vijana wakaondoka. Walikwenda katika mashamba ya mkonge, Tanga na kwingineko, safari ya siku nyingi. Wakaitwa manamba kwa ajili ya nambari walizopewa. Wengine walirudi na blanketi na baiskeli. Wengine hawakurudi, na mpaka leo ukienda Tanga utaona watu wenye majina ya Kiha wasiojua Kiha.

Mara ya pili ilikuwa katika miaka ya 1970. Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, watu wakahamishwa tena, mara hii wakae katika vijiji vya ujamaa kando ya barabara, karibu na shule na zahanati. Mzee wetu alikuwa kijana mwenye mke mmoja na mtoto. Familia yake ilikuwa imekwisha kurudi mgongoni mwa kilima, migomba imezaa. Alisema, “Baba alihama kwa ajili ya nzi, mimi kwa ajili ya barabara.” Hakusema kwa hasira. Watoto wake walisoma katika shule hiyo, na mmoja ni mwalimu.

Sasa neno lenyewe ni hili. Wajukuu wamekuwa wengi na mashamba ya kijijini yamekatwa vipande vidogo. Wanataka kurudi mahame, wafyeke, walime. Udongo wake ni mweusi kwa samadi ya zamani, na wao wasema ni haki yao, kwa kuwa babu yao amezikwa pale. Lakini chini kidogo ya ule ua wa minyaa hutoka chemchemi, nayo ndiyo inayonywesha nusu ya kijiji. Wengine wasema pori likifyekwa chemchemi itakauka, na kwa hiyo mahame yaachwe. Mzee yuko katikati. Ametaka wajukuu wapate shamba, na hataki kuwa mtu aliyekausha maji ya jirani. Alituuliza sisi tuonavyo, nasi tuliona haya kujibu, kwa kuwa sisi hatutakunywa maji yale.

Wale wanaohofia msitu wanayo sababu wanayoiona kwa macho. Rais Ndadaye wa Burundi alipouawa tarehe 21 Oktoba, 1993, watu walivuka mpaka kwa maelfu na maelfu. Kabla ya turubai na magari ya mahindi kufika, ni Waha wa vijiji vya mpakani waliowapokea katika nyumba zao na kuwapa mihogo. Yalifuata makambi makubwa: Nduta katika wilaya ya Kibondo, Nyarugusu katika Kasulu, Mtendeli katika nchi ambayo sasa ni Kakonko. Mtendeli ilifunguliwa tena mwaka 2016 baada ya ghasia mpya za Burundi, ikafungwa mwaka 2021. Maelfu ya watu wakipika kila siku wahitaji kuni, na miti haiulizi nani mkimbizi na nani mwenyeji. Tulipita penye vilima vilivyobaki na visiki tu, vichipukizi vyake havijamfikia mtu kiunoni.

Kwa mtu apendaye wanyama, mashariki ya nchi hii yako mabwawa ya Moyowosi na Malagarasi, tuliyokwisha kuyataja. Mwaka 2000 yaliandikwa katika orodha ya dunia ya mabwawa yenye thamani kubwa, ya kwanza kuandikwa kutoka Tanzania, na eneo lake ni zaidi ya hekta milioni 3. Humo hukaa nzohe, paa wa majini, mwenye kwato ndefu zilizotanuka zisizozama matopeni. Akiona hatari hujificha majini hata hubaki pua tu. Humo pia huonekana yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, asimamaye kama sanamu kutwa akingoja samaki. Walakini mabwawa hayo si matembezi ya siku moja kutoka Gwarama. Yataka gari imara, kibali, na mwenyeji ajuaye njia. Nayo hupata maji yake kutoka vilima kama kile tulichokipanda.

Atakaye kwenda na aende kati ya Juni na Septemba. Achukue nguo nzito, wala asichukue haraka. Akifika siku ya soko ataona wanawake wamebeba mikungu ya ndizi, vikapu vya maharage, na vyungu vilivyofungwa kwa majani ya mgomba visigongane, na atasikia biashara ikianza kwa salamu ndefu zile zile, hata kama ni ya fungu moja la dagaa.

Siku ya kuondoka tulikwenda kumwaga mzee kabla ya jua. Hakuwako. Mkewe alitupa kibuyu kidogo cha asali, akasema mzee ametoka na panga lake, amekwenda kule juu kupunguza minyaa, kwa kuwa mkutano wa kijiji umewekwa Jumamosi, naye ataka wajumbe watakapopanda kuona mahali pale waukute ua ukionekana.

Kwa leo tumefikia hapo. Kwa herini, wasikilizaji wetu.